Kadi ya Spesioza

Walinipa karatasi kabla hawajanipa maji ya kunawa. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeshuka kwenye pikipiki pale Rugera, vumbi limenijaa mpaka kwenye kope, hata wafiwa sijawapa pole, mara Mzee Deogratias wa kamati ya mazishi akanidaka mkono. "Adelina, wewe si ulisoma kwake? Na mwandiko wako wilaya nzima inaujua. Kesho utasoma neno la wanafunzi wa zamani. Tumeshaandika mawili matatu, wewe uyanyooshe tu." Nikasoma nimesimama, mkoba bado uko begani. Marehemu Mwalimu Sosthenes alikuwa mlezi, alikuwa mcha Mungu, alikuwa hivi, alikuwa vile. Halafu mstari wa tano: "Kila mwaka mpya alitufundisha kujiwekea malengo yanayofikika, na wengi wetu tumefika kwa sababu yake." Damu ilinipanda kichwani. Nilitamani kuichana ile karatasi pale pale, mbele ya turubai lililojaa watu waliovua kofia. Badala yake nikasema, "Sawa, mzee, nitaitazama," maana ndivyo nilivyo, mtu wa sawa mzee.

Nataka ieleweke kwamba sikwenda Rugera kwa huzuni. Habari ya kifo chake ilinikuta masjala, Kayanga, ninakotunza mafaili tangu sijapata mtoto wa kwanza, na neno lililonitoka lilikuwa "Hatimaye." Mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama niko sawa. Sikuwa sawa. Sijawa sawa na mtu yule tangu nikiwa kidato cha nne, na sasa nakaribia kustaafu. Kila Januari ikifika, watoto wa shule wakianza kununua manila na kalamu za rangi waandike malengo yao ya mwaka, mimi huanza kugombana na watu. Mwaka juzi binti yangu wa mwisho alileta kadi yake nyumbani niitie saini. Alikuwa ameandika kwamba ataongeza maksi kumi za Fizikia na kuacha simu siku za masomo. Lengo zuri, linafikika, halina ubaya wowote. Nikamfokea mpaka akalia. "Nani kakwambia kumi? Nani kakupangia kumi?" Maskini mtoto, hakujua mama yake anagombana na nani.

Habari za kwetu Bugomora, baba alikuwa nani na tulizaliwa wangapi, naziacha, hazina kazi hapa. Kazi iko kwenye mwaka mmoja na chumba kimoja. Shule yetu, ambayo jina lake nitalimeza, haikuwa na bweni la wasichana, kwa hiyo tuliotoka mbali tulipanga vyumba kwa watu. Mimi na Spesioza tulipanga kwa Mama Novatus, mjane mmoja mwenye mdomo, chumba cha uani, matofali ya kuchoma yasiyopigwa plasta na dirisha la ubao lililofungwa kwa msumari uliopindwa. Kitanda kilikuwa kimoja, tukilala mzungu wa nne. Meza ilikuwa sanduku langu la bati lililowekwa juu ya tofali. Mwezi wa kwanza uani kulijaa maharage yanayokaushwa, maganda yakipasuka juani siku nzima, na tulipofungua mlango tulikuwa tunayaruka kwenda kuoga. Tulipika sufuria moja, ndizi na maharage humo humo, tumefunika kwa jani la mgomba. Mama Novatus akipita alikuwa anafunua, anaonja, anasema chumvi, anaondoka. Nimekula hotelini, nimekula kwenye harusi za wakubwa, ila sijakula tena ndizi za namna ile.

Spesioza alikuwa mrefu, mkavu, na hakuwa na subira na mtu mjinga. Mama yake alivuka kutoka Burundi akiwa binti, akawa kibarua wa kupalilia vibanja, mashamba ya migomba ya watu, na kuchuma kahawa za watu. Walikuwa wanakaa pembeni ya kibanja cha mwenye kazi, kwenye kipande cha kuazimwa. Mara tatu walihamishwa, na mara zote kwa namna moja: wanaamka, wanakuta ile mimea ya mpaka, omuramura, imeng'olewa na kupandwa mahali pengine, na nyumba yao imekuwa upande usio wao. Spesioza alikuwa anaisimulia habari hii bila kulia. Alikuwa anaisimulia kama mtu anayeeleza swali la Hisabati lililokosewa na mwalimu. "Wangepima mara moja tu," alikuwa anasema. "Kamba, vigingi, wakaandika. Basi." Kwa hiyo alitaka kuwa mpimaji wa ardhi. Wenzake tulitaka unesi, ualimu, wengine usista. Yeye alitaka kupima ardhi, na Hisabati alizifanya kwa haraka kiasi kwamba nilikuwa namwomba apunguze mwendo nipate kuelewa.

Sasa huyu Mwalimu Sosthenes alikuwa mwalimu wa taaluma. Shati lake lilikuwa na mikunjo ya pasi mikononi, na mfukoni kalamu tatu, ya bluu, nyeusi na nyekundu. Wiki ya kwanza ya mwaka aliingia darasani na vipande vya manila alivyovikata mwenyewe, akagawa kimoja kimoja, akaandika ubaoni kwamba lengo liwe linapimika na liwe linafikika, na neno "linafikika" akalipigia mistari miwili. "Msinipe ndoto hapa," alisema. "Mwaka huu ni wa mtihani wa taifa. Nataka kila mtu ajijue yeye ni nani, ana uwezo gani, aandike lengo la saizi yake. Na atakayemwandikia mwenzake, wote wawili watanitambua." Tukaandika. Akakusanya. Halafu akafanya kitu ambacho mpaka leo sijui aliyemruhusu ni nani: akaanza kuzisoma kwa sauti. Akisoma moja, anatuuliza, "Linafikika?" Sisi darasa zima tunajibu, ama linafikika, ama halifikiki. Watoto wa miaka kumi na saba, tunapigiana kura nani afike wapi! Na tulifurahia, loo, tulifurahia sana.

Akafika kwa Spesioza. Alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mbovu, herufi zimelala kama zimechoka: "Divisheni ya kwanza. Kidato cha tano, Hisabati. Niwe mpimaji wa ardhi." Mwalimu akaisoma polepole. Akavua miwani. "Mpimaji wa ardhi," alisema, "ambaye kwao hawana hata kibanja." Darasa likapasuka kwa kicheko. "Kiingereza chako ni F. Historia ni F. Hiyo divisheni ya kwanza utaiazima kwa nani? Linafikika?" Tukaitika, halifikiki. Nasema tukaitika kwa sababu na mimi nilikuwemo. Nilicheka, na nilicheka kwa sauti, niliyekuwa nakula naye sufuria moja. Akaikata kadi vipande viwili, akampa kipande kingine kipya cha manila. "Kesho asubuhi nataka lengo la saizi yako." Spesioza akakipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante mwalimu, kama tulivyofundishwa kupokea kitu kwa mkubwa.

Jioni ile jua lilikuwa bado halijazama, tumekaa kizingitini tunachambua maharage, Mama Novatus yuko jikoni kwake anaimba nyimbo za kanisani. Spesioza hakutaka kuandika. "Aandike mwenyewe anachokitaka," alisema. Na hapa ndipo mimi, mwenye akili nyingi, nilipojitia kumshauri. Kwetu ukimuuliza mkulima kahawa imezaaje, hata kama matawi yameinamia chini kwa uzito, atakwambia kwa heshima, "Kidogo tu, waitu." Hakuna anayetangaza mavuno kabla hajayaingiza ndani. Ni adabu, na pia ni kuogopa macho ya watu. Tumelelewa hivyo, hata mtoto akitoka mtihanini akaulizwa, atasema nimejaribu. Basi nikamwambia, "Spe, kwani wewe si mtu wa huku? Andika kidogo. Yeye afurahi, akuache. Mwezi wa kumi na moja utavuna unachovuna." Akanitazama. "Yaani niandike uongo ili aone nina akili?" "Si uongo, ni adabu." "Basi iandike wewe hiyo adabu." Akaingia ndani, akajilaza kitandani akageukia ukutani.

Nikaiandika. Nilikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote darasani, mwandiko ndio ulionipa baadaye hii kazi ya masjala, na siku ile niliutumia wote. Niliandika: "Lengo langu ni kupata divisheni ya nne. Baada ya hapo nitajifunza cherehani." Nikaandika jina lake chini, nikapiga mstari kwa rula. Nilijisikia mwerevu, Mungu anisamehe. Nilimwekea ndani ya daftari lake la Jiografia na asubuhi aliitoa akaikabidhi bila kuisoma. Mwalimu Sosthenes aliisoma mara mbili, akatabasamu mpaka meno ya nyuma. "Huyu sasa amejitambua! Mpigieni makofi." Tukapiga makofi. Akaibandika kwenye ubao wa matangazo, nje ya ofisi, iwe mfano kwa vidato vya chini. Ilikaa pale wiki kadhaa. Nilikuwa napita kwenda kunywa uji na naiona, herufi zangu zimenyooka, na nilikuwa nazionea fahari.

Mwisho wa mwezi wa pili ulikuwa wakati wa kupeleka majina ya watahiniwa. Shule ile ilikuwa na tabia yake, na haikuwa peke yake, shule nyingi zilifanya hivyo na sijui kama zimeacha: mwanafunzi anayedhaniwa atashusha wastani wa shule anaondolewa kwenye orodha, anaambiwa akafanye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea kwenye kituo kingine. Akifeli, anafeli kivyake. Shule inabaki na jina zuri kwenye magazeti. Siku hiyo mimi nilitumwa kupanga madaftari stoo, chumba kilichopakana na ofisi ya taaluma. Katikati palikuwa na mlango wa mbao ambao chini ulikuwa haufiki sakafuni. Nikiwa na madaftari mikononi nikasikia sauti ya Mwalimu Sosthenes, kisha sauti nyingine ya mwanamke, ya chini, yenye Kiswahili cha kukatikakatika. Nikaitambua. Alikuwa mama yake Spesioza, ametoka shambani kwa watu, ameitwa.

"Mama, mimi sina ubaya na mtoto wako," alisema mwalimu. "Shule yetu inataka divisheni ya tatu kwenda juu. Na hapa si mimi ninayesema, ni mtoto mwenyewe. Hebu soma." Alikuwa anajua kabisa kwamba yule mama hajui kusoma. Akamsomea, neno kwa neno, maneno yangu. Divisheni ya nne. Cherehani. "Unaona? Amejipima mwenyewe. Mimi namsaidia asijiaibishe. Nitapeleka jina lake kwenye kituo cha kujitegemea, fomu nitajaza mimi, wewe usihangaike." Mama akauliza kitu kwa Kirundi, polepole, akamtaja Spesioza; kumbe naye alikuwemo mle ndani. Ndipo mwalimu akageuka, nilisikia kiti kikilia. "Spesioza. Hii kadi uliandika wewe?" Madaftari yalikuwa yamenifika kidevuni. Mlango ulikuwa hatua mbili. Nilijua ni wakati wangu. Nilijua kama ninavyojua jina langu kwamba nikisukuma ule mlango nikasema ni mimi, kadi ile inakufa pale pale. Na nilijua pia kwamba wote wawili tutamtambua. Nikasimama. Nikasikia Spesioza anasema, "Ndiyo, mwalimu."

Niulizeni nina hasira na nani. Nina hasira na mtu mzima aliyechukua karatasi ya mtoto akaigeuza hati ya kumfukuzia. Unamwambia mtoto ajishushe, anajishusha, halafu unamwambia ona ulivyo chini! Nina hasira na wale walimu wengine waliokuwa ofisini wanakunywa chai, maana vikombe nilivisikia, na hakuna hata mmoja aliyekohoa. Nina hasira mpaka na yule mama, ndiyo, mpaka na yeye, kwa jambo alilolifanya wiki iliyofuata: alikuja na mkungu wa ndizi kichwani na jogoo amemfunga miguu, akampelekea Mwalimu Sosthenes kwao, ahsante kwa kumsaidia mwanangu. Alimpigia magoti. Mwalimu akapokea! Akapokea jogoo wa mwanamke ambaye hakuwa hata na mahali pake pa kufugia. Mama Novatus alipoisikia alitema mate uani, akasema, "Huyo jogoo amkwame." Ni mtu mzima pekee niliyemsikia akisema neno la maana mwaka ule.

Ile siku ya ofisini niliporudi chumbani nilimkuta Spesioza anamenya ndizi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikafungua mdomo, akasema bila kuinua kichwa, "Usiseme neno. Hesabu za jana umefanya?" Sikuwa nimefanya. "Lete." Hivyo ndivyo tulivyoishi mpaka mwisho wa mwaka. Asubuhi mimi navaa sketi ya shule, yeye anabaki. Darasani hakuruhusiwa tena. Mchana anakwenda kibarua na mama yake, msimu wa kahawa ulipofika alikuwa anarudi vidole vimegandamana utomvu, anaoga, anakaa juu ya lile sanduku na kusema, "Haya, leo mmefundishwa nini?" Namsomea madaftari yote. Kiingereza alikuwa anakirudia kwa sauti mpaka Mama Novatus akaanza kujibu kutoka jikoni. Mtihani wa Kiingereza wa muhula, nilimletea karatasi, akaufanya mezani kwetu, nikausahihisha kwa majibu ya mwalimu: akapata C. Tuliruka, tukavunja kitanda. Na Hisabati, ambazo mimi nilikuwa nazikimbia tangu kidato cha kwanza, alinifundisha yeye. Alikuwa ananitukana na kunifundisha, ananitukana na kunifundisha. "Wewe mwenye mwandiko mzuri, kumi na saba umeipata wapi hapo?"

Mtihani uliangukia msimu wa senene. Asubuhi ile Mama Novatus alitukaangia senene na chai ya maziwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akatuwekea mikono kichwani, kila mmoja wake. Spesioza alikuwa amenyoosha sketi yake kwa kuilalia chini ya godoro. Alikuwa na rula mbili na mkebe wa vifaa vya hesabu niliomwazima, mimi nikabaki na wa kuazima kwa mwingine. Tuliagana njia panda, mimi nikashika ya shuleni, yeye ya kituo cha kujitegemea, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Saa sita mchana nilipotoka kwenye karatasi ya kwanza nilimkuta amekaa kizingitini kwetu, sketi bado ina mikunjo yake mizuri, mkebe uko mapajani. "Jina langu halipo," alisema. Orodha nzima wameisoma mara mbili mbele yake. Halipo. Fomu haikuwahi kupelekwa. Nilikimbia mpaka kwa Mwalimu Sosthenes, sikumbuki hata kama nilimpa shikamoo. Alikuwa anapanga bahasha. Akajipiga paji la uso kidogo hivi, kwa vidole viwili. "Aisee, yule mtoto. Lilinipita. Basi, mwambie mwakani. Si yeye mwenyewe alisema anataka cherehani?"

Lilinipita. Mwaka wa mtu, umempita. Mwakani haikuja, mama yake aliugua kabla ya Pasaka na Spesioza akaolewa na mtu wa Rugera aliyekuwa na kibanja. Mimi nilifaulu. Hisabati nilipata B, na Mwalimu Sosthenes akanisimamisha mbele ya kidato cha tatu akasema, mwangalieni Adelina, aliweka lengo linalofikika.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo kichwani nilipotoka chini ya turubai na ile karatasi, nikazunguka nyuma ya nyumba ya marehemu, upande wa akina mama. Na huyo hapo Spesioza, amekaa kwenye kigoda, kisu mkononi, maganda ya ndizi yamemfika magotini. Miaka yote hii tulikuwa tumeonana labda mara tatu, sokoni, na mimi ndiye niliyekuwa na haraka kila mara. "Adelina, pole na safari," alisema. "Kaa, menya." Nikatafuta kisu. Hatujamaliza hata salamu, Mzee Deogratias akaja anahema. "Mama Jovina, tunaomba kamba yako. Jirani anadai kaburi limeingia kwake." Spesioza akajifuta mikono kwa jani, akaenda kwake, nyumba ya pili tu, akarudi na kamba ya katani yenye mafundo, imechakaa kwa kushikwa. Mzee akaniambia kwa sauti ya chini kwamba pale Rugera hakuna anayegawa kibanja bila Mama Jovina kuja kupima, na kwamba akishapima, ugomvi umekwisha. Nikasikia ile sauti: ambaye kwao hawana hata kibanja.

Akanipa ncha ya kamba. "Simama kwenye kile kisiki cha omuramura. Usisogee." Wanaume na majembe yao wakasogea pembeni. Akahesabu mafundo, akarudi, akahesabu tena, akachomeka kijiti. "Lirudi huku hatua mbili," alisema, na hakuna aliyembishia, wakaanza kuchimba upya. Mimi nilikuwa nimeshindwa kuvumilia. "Spe, kesho nitawaambia. Wamenipa karatasi nisome, nitaichana mbele yao. Nitasema yote uliyofanyiwa."

"Vuta, imelegea," alisema. Nikavuta. "Uliyofanyiwa na nani?"

"Si na yeye!"

Akaanza kuikunja kamba kuja upande wangu, mkono na kiwiko, mkono na kiwiko. "Mimi nimekuwa jirani yake miaka yote hii. Kila asubuhi napita hapa. Shikamoo, mwalimu. Marahaba, Mama Jovina, kahawa imezaa? Kidogo tu, mwalimu. Unadhani sikuwa na hasira naye? Nimekuwa nayo mpaka imenichosha. Yangu naijua. Yako ndiyo siielewi. Wewe alikufanya nini? Mtihani ulifanya. Mpaka Hisabati ulifaulu."

"Siku ile ofisini..." nilisema.

"Nilikuona. Mlango ule ulikuwa haufiki chini. Raba zako nyeupe, vidole vimeelekea kwetu. Nikangoja. Mwalimu akaniuliza, nikangoja kidogo tena."

"Mbona hukusema ni mimi?"

"Tungefukuzwa wote. Nani angeniletea madaftari?" Alikuwa ameshafika, akachukua ile ncha mkononi mwangu. "Usijidanganye, haikuwa upendo. Ilikuwa hesabu." Akaitupia kamba begani. Alikuwa amekasirika, niliona mdomo ulivyokazana, na hasira ile ilikuwa inanitazama mimi, haikuwa inalitazama kaburi. "Kesho ukinitaja, ujitaje na wewe. Ukishindwa, soma karatasi yao ukae."

Kesho yake kulikuwa na jua kali. Mchungaji alimaliza, wajukuu waliimba, mkuu wa shule wa sasa alisifu sana. Kisha wakaniita, neno la wanafunzi wa zamani. Nilikuwa nimeandika upya usiku kucha na kuchana upya, na yote niliyoyaandika yalikuwa yanaanza na jina lake: Mwalimu Sosthenes alifanya hivi, Mwalimu Sosthenes alifanya vile. Nilikishika kipaza sauti. Nikaikunja karatasi ya kamati nikaitia kwenye mkoba. Mzee Deogratias akanikonyeza nisome. Nikatazama nyuma, upande wa akina mama, kule maganda yalikokuwa yamerundikwa.

"Mimi naitwa Adelina," nilisema. "Mwaka wetu wa kidato cha nne marehemu alituandikisha malengo, na kwa kadi ya mwenzangu Spesioza akamwondoa shuleni. Kadi ile niliiandika mimi. Alipoulizwa, nilikuwa nyuma ya mlango."

Spesioza aliweka kisu chini.